USAMA BIN ZAID, KIJANA ALIYELELEWA KUWA AMIRI WA JESHI

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwake Yeye twataka msaada. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote, na kila aliyefuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu, kitabu hiki kidogo kina khabari za Usama bin Zaid, Mwenyezi Mungu awe radhi naye na baba yake. Jina lake si geni masikioni mwenu. Lakini wengi wetu twajua katika khabari zake jambo moja tu, nalo ni kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa uamiri wa jeshi kubwa naye ni kijana wa miaka 18 au karibu na hapo. Watu walisikiapo jambo hili hustaajabu, wakadhani kwamba lilizuka kwa ghafula, kama mvua isiyotanguliwa na wingu. Sivyo lilivyokuwa. Uamiri ule ulianza kutengenezwa tangu Usama akiwa mtoto mdogo wa kufutwa kamasi, ukapita katika mapenzi, na katika makaripio makali, na katika kuaminiwa mbele za watu, mpaka ukakamilika. Na jeshi lilipotoka, yule aliyemlea alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Nimeandika khabari hizi kwa kuwa naona katika miji yetu ugonjwa usiosemwa. Mzee hushika msikiti, au madrasa, au wakfu, au chombo cha baharini, au duka, na mwanawe yu karibu naye miaka ishirini akimtazama tu. Hampi kazi yenye uzito, wala hamwombi shauri, wala hamwachi akose akaonywa. Siku mzee anapokufa, kijana hukabidhiwa asichokijua, na mambo yakiharibika watu humlaumu kijana. Basi na tutazame alivyofanya mbora wa walezi.

NASABA YAKE

Baba yake ni Zaid bin Haritha, wa kabila la Kalb. Zaid alitekwa akiwa mtoto, akauzwa katika soko la Ukaz, akanunuliwa na Hakim bin Hizam kwa ajili ya shangazi yake Bibi Khadija, na Bibi Khadija akamtoa zawadi kwa Bwana Mtume (s.a.w.) kabla ya utume. Baadaye babake Zaid alipata khabari zake, akaja Makka na fedha za kumkomboa. Bwana Mtume akampa Zaid khiari, akitaka aende na babake na akitaka akae. Zaid akachagua kukaa na Bwana Mtume. Hapo Bwana Mtume akamwacha huru na akatangaza mbele ya Makureshi kwamba huyu ni mwanawe. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka amri katika Sura ya Ahzab kwamba wana wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao wa kuwazaa. Na katika Sura hiyo hiyo limetajwa jina la Zaid, wala hakuna Sahaba mwengine aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani.

Mama yake ni Umm Ayman, jina lake Baraka, mwanamke wa Kihabeshi. Alikuwa mtumwa wa Abdallah, baba wa Mtume, kisha akawa mlezi wa Bwana Mtume tangu utoto wake, na Bwana Mtume akamheshimu umri wake wote kama mtu anavyomheshimu mama yake. Alikuwa na mwana kwa mume wa kwanza, jina lake Ayman, kisha akaolewa na Zaid akamzaa Usama, huko Makka, miaka michache kabla ya Hijra.

Tazameni basi nasaba hii, enyi mnaopimana kwa nasaba. Baba aliwahi kuuzwa sokoni, na mama ni Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Usama alikuwa mweusi kama mama yake, na Zaid alikuwa mweupe, na watu walikuwa wakinong'ona juu ya kutofautiana kwa rangi zao. Siku moja Mujazziz, mtu wa kabila la Mudlij aliyekuwa mjuzi wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo, aliwakuta Zaid na Usama wamelala, wamejifunika nyuso na miguu yao iko wazi. Akatazama nyayo zile nne, akasema kwamba zimetokana zenyewe kwa zenyewe. Bwana Mtume aliingia kwa Bibi Aisha (r.a.) akimweleza jambo hilo, na uso wake unameremeta kwa furaha. Furaha ile yatujulisha jinsi minong'ono ya watu ilivyokuwa ikimuumiza.

MAPENZI YALIYOTANGULIA

Jambo la kwanza alilopewa Usama halikuwa upanga wala farasi, bali ni mapenzi. Bwana Mtume alikuwa akimkalisha Usama juu ya paja lake moja, na mjukuu wake Hasan bin Ali juu ya paja la pili, kisha akawakumbatia pamoja akawaombea rehema ya Mwenyezi Mungu. Hakumtofautisha mtoto wa huria wake na mtoto wa binti yake. Siku moja alitaka kumfuta Usama kamasi kwa mkono wake, Bibi Aisha akataka amfanyie yeye kazi hiyo, na Bwana Mtume akamwagiza ampende kijana huyu kwani yeye Mtume anampenda. Masahaba wakamwita Usama Kipenzi mwana wa Kipenzi.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya hayana uhusiano na ujemadari. Mtoto aliyependwa kwa haki hukua akijua thamani yake, wala hahitaji kuwadhulumu watu ili aonekane mkubwa. Na aliyempenda akija kumkaripia, neno lake huingia moyoni, kwani mtoto ajua kwamba halikutoka katika chuki. Asiyetanguliza mapenzi, makaripio yake ni kelele tu.

KUPANDISHWA NGAZI KWA NGAZI

Mapenzi yale hayakumfanya Bwana Mtume amharakishe. Mwaka wa 3 wa Hijra (625), jeshi lilipotoka kwenda Uhud, Usama naye alikuja pamoja na watoto wenziwe, kila mmoja akitaka achukuliwe. Bwana Mtume akawarudisha kwa udogo wa umri wao, naye Usama ni mmoja wao, pamoja na Abdallah bin Umar na Zaid bin Thabit. Kupenda ni jambo moja, na kumtwika mtoto asiloliweza ni jambo jengine.

Lakini ikiwa alirudishwa katika vita, hakurudishwa katika shauri. Wanafiki walipomzulia uwongo Bibi Aisha, na wahyi ukakawia, Bwana Mtume alikuwa katika dhiki kubwa mno. Akawaita watu wawili kuwataka shauri katika jambo la nyumbani mwake: Ali bin Abi Talib na Usama bin Zaid. Usama wakati ule hakuwa ila mtoto anayeingia katika ujana. Naye akasema yale aliyoyajua juu ya ahli za Mtume, kwamba hakuna ila kheri. Kisha wahyi ukashuka kumtakasa Bibi Aisha, ukabainisha kwamba aliloshuhudia Usama ndiyo kweli. Kijana aliyeulizwa shauri katika jambo zito kama hili hujifunza kupima neno kabla ya kulitoa. Na amiri asiyejua kupima neno ataangamiza watu kwa ulimi wake kabla hajawaangamiza kwa upanga.

Mwaka wa 8 wa Hijra (629) baba yake alitoka na jeshi la watu 3,000 kwenda Muta katika nchi ya Sham kupigana na majeshi ya Warumi. Zaid alikuwa mtu aliyezoea uamiri. Bibi Aisha alihadithia kwamba Bwana Mtume hakumtuma Zaid katika jeshi lolote ila alimfanya yeye kuwa amiri wake. Huko Muta Zaid alikufa shahidi na bendera mkononi, na baada yake Jaafar bin Abi Talib, na baada yake Abdallah bin Rawaha, mpaka Khalid bin Walid alipoishika na kuwaokoa waliobaki. Usama akabaki yatima wa baba, na akawa karibu zaidi na Bwana Mtume.

Mwaka ule ule, katika Ramadhani (Januari 630), Makka ilifunguliwa. Bwana Mtume aliingia mji ule uliomtoa, siku ya utukufu mkubwa, na nyuma yake juu ya mnyama wake amempakia Usama. Makureshi, wenye kujivunia baba na babu, walimwona kijana mweusi, mwana wa huria wawili, amekaa mahali ambapo kila mmoja wao angalitamani kupakaa. Na alipoingia ndani ya Kaaba aliingia na Usama, na Bilal, na Uthman bin Talha mwenye ufunguo.

Baada ya Makka ikaja vita vya Hunain. Waislamu walikuwa 12,000, wakajiona wengi, na maadui waliokuwa wamejificha bondeni wakawashukia ghafula wakati wa alfajiri. Jeshi likavunjika, watu wakarudi nyuma, na Bwana Mtume akabaki na wachache waliothubutu pamoja naye. Wanahistoria wanamtaja Usama katika wachache hao, na Ayman ndugu yake wa mama, ambaye aliuawa siku hiyo. Hapo kijana akajionea kwa macho yake amiri afanyavyo jeshi linapovunjika: haondoki mahali pake, bali huwaita watu wakarejea kwake.

Na Salama bin Akwaa alipokuwa akihesabu vikosi alivyotoka navyo katika zama za Mtume, alitaja kwamba mara alikuwa chini ya uamiri wa Abubakar na mara chini ya uamiri wa Usama. Kwa hivyo Usama alizoezwa kuongoza vikosi kabla ya kupewa jeshi kubwa. Na ninyi watu wa pwani mwalijua jambo hili. Nahodha mwema hamngoji tufani ndipo amkabidhi mwanawe sukani. Humpa bahari ikiwa shwari, naye ameketi karibu. Kisha humpa usiku. Kisha siku moja hushuka akalala, na kijana akajua kwamba chombo na roho za watu ziko mikononi mwake.

MAKARIPIO MAWILI

Sasa twafikia jambo ambalo wengi hulipita mbio, nalo ndilo kiini cha malezi yake.

Usama alitumwa katika kikosi kwenda kwa Huraqa, watu wa kabila la Juhaina. Waislamu wakawashambulia asubuhi na wakawashinda. Usama na mtu mmoja wa Ansari wakamkimbiza mtu wao mmoja, na walipomfikia akatamka shahada kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Yule Ansari akazuia mkono wake. Usama hakuzuia, akamchoma kwa mkuki wake akamuua.

Waliporudi Madina khabari ikamfikia Bwana Mtume, akamwuliza Usama kama kweli alimuua mtu yule baada ya kuitamka shahada. Usama akajibu kwamba yule aliitamka kwa kuogopa silaha tu. Bwana Mtume akamwuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo ndani. Na hakuacha kumrudilia neno lile, tena na tena, hata Usama akatamani lau kwamba hakusilimu kabla ya siku ile, ili Uislamu wake uanze upya na dhambi ile ifutwe.

Zingatieni, ndugu zangu. Huyu ndiye mtoto aliyekalishwa pajani. Wala mapenzi hayakumfunika kosa lake. Bwana Mtume hakusema kwamba ni kijana, wala kwamba ni joto la vita, wala kwamba aliyeuawa ni adui aliyekuwa na upanga saa moja kabla. Kwa kuwa mwenye kushika silaha ana roho za watu mkononi mwake, na asipoonywa kwa roho moja, kesho atatoa roho elfu naye hana wasiwasi.

Karipio la pili lilikuwa wakati wa kufunguliwa Makka. Mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliiba. Ukoo wake ulikuwa mtukufu, na Makureshi wakaona aibu akatwe mkono. Wakatafuta mtu wa kumwombea shafaa, wakaona hapana athubutuye ila Usama kwa mapenzi ya Mtume kwake. Usama akaenda akasema. Uso wa Bwana Mtume ukabadilika kwa ghadhabu, akamwuliza vipi ataka kuombea shafaa katika hadi miongoni mwa hadi za Mwenyezi Mungu. Usama mara ile akaomba atakiwe msamaha. Kisha Bwana Mtume akasimama akawakhutubia watu, akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kuwa mtukufu wao akiiba humwacha, na mnyonge akiiba humkata, na akaapa kwamba lau Fatima binti yake angaliiba angalimkata mkono.

Hapa Usama alijifunza jambo la pili ambalo kila amiri hana budi nalo. Watu watamjia kila siku kwa mlango wa mapenzi na ukaribu, wakitaka awapindishie sheria. Aliyependwa na mkubwa ndiye anayejiwa kwanza. Akikubali mara moja, uamiri wake umekwisha.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Baada ya makosa mawili haya Bwana Mtume hakumtupa, wala hakumvunja moyo, wala hakumwondoa karibu naye. Mwaka wa 10 wa Hijra (632), katika Hija ya kuaga, alipotoka Arafa kwenda Muzdalifa mbele ya umati ule mkubwa, aliyepakiwa nyuma yake alikuwa Usama. Kosa lilikaripiwa, na mwenye kosa akabaki kipenzi. Wako wazee ambao kijana akikosa mara moja humwandika katika daftari la waliopotea, wala halifuti tena jina lake. Hivyo ndivyo vijana wenye akili wanavyoikimbia misikiti yetu.

UAMIRI WA JESHI

Mwishoni mwa Safar mwaka wa 11 wa Hijra (Mei 632) Bwana Mtume aliamrisha litengenezwe jeshi la kwenda Sham, mpaka nchi ya Balqaa, upande ule ule alikouawa Zaid. Akamfanya Usama kuwa amiri. Ndani ya jeshi lile walikuwamo wakubwa wa Muhajirina na Ansari, naye Umar bin Khattab ni mmoja wao, watu waliopigana Badri wakati Usama akicheza na watoto.

Watu wakaanza kunong'ona juu ya kijana kutangulizwa mbele ya wazee. Bwana Mtume alikuwa ameshikwa na maradhi yake ya mwisho. Akatoka, na kichwa chake kimefungwa kitambaa kwa maumivu, akapanda mimbari. Akawaambia kwamba ikiwa wanautia ila uamiri wa Usama, basi walikwisha kuutia ila uamiri wa baba yake kabla yake, na akaapa kwamba baba alistahiki uamiri, na kwamba mwana naye anaustahiki, na kwamba ni katika watu awapendao mno.

Mlezi hamalizi kazi yake kwa kumpa kijana cheo kisha akamwacha aliwe na maneno ya watu. Yampasa asimame yeye mwenyewe, hata akiwa mgonjwa, aseme wazi kwamba huyu nimemchagua mimi na najua kwa nini.

Usama akapiga kambi Jurf, kiasi cha maili tatu kutoka Madina, na watu wakamwendea huko. Maradhi ya Mtume yakazidi, Usama akarudi kumtazama. Akamkuta hawezi tena kusema. Bwana Mtume akawa anainua mikono yake juu mbinguni kisha anaiweka juu ya Usama, na Usama akajua kwamba anamwombea dua. Mtume (s.a.w.) akafariki siku ya Jumatatu, katika Rabiul-awwal mwaka wa 11 (Juni 632). Na walipomwosha, Usama ni mmoja wa waliokuwa wakimimina maji.

ABUBAKAR ANATEMBEA KWA MIGUU

Seyyidna Abubakar (r.a.) akawa khalifa, na nchi ya Waarabu ikatikisika. Makabila yakaritadi, na mengine yakazuia Zaka. Watu wakamshauri azuie jeshi lile, lisitoke na Madina ikabaki tupu. Akakataa kabisa kuifungua bendera aliyoifunga Mtume. Ansari wakamtuma Umar amwombe walau ampe uamiri mtu mzima zaidi. Abubakar, aliyejulikana kwa upole wake, alimshika Umar ndevu akamkemea, vipi amwamuru amwondoe mtu aliyewekwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Kisha akatoka kulisindikiza jeshi. Usama alikuwa juu ya mnyama wake, na Abubakar, khalifa wa Waislamu, mtu wa miaka sitini, anatembea kwa miguu kando yake. Usama akaona haya, akamwomba khalifa apande au yeye ashuke. Abubakar akakataa yote mawili, akasema hapana dhara miguu yake ikiingia vumbi saa moja katika njia ya Mwenyezi Mungu. Jeshi zima likitazama. Kisha akamwomba Usama ruhusa, kama akiona vyema, amwachie Umar abaki Madina amsaidie. Naye Usama akamruhusu.

Ndugu zangu, khalifa alikuwa na uwezo wa kumchukua Umar bila ya kumwuliza mtu. Lakini Umar alikuwa askari chini ya amiri, na amiri ni Usama. Kama khalifa angalimchukua bila ya idhini, kila askari angalijua kwamba amiri wao ni jina tu. Kwa kutembea kwake na kwa kuomba kwake, Abubakar alimjengea kijana yule heshima kuliko bendera elfu. Askari humtii kijana kwa kadiri waonavyo wazee wakimheshimu.

Akawausia wasifanye khiana, wala wasikatekate maiti, wala wasiue mtoto, wala mzee, wala mwanamke, wala wasikate mtende wala mti wenye matunda, wala wasichinje mnyama ila wa kula, na wawaache watu waliojitenga katika mahekalu yao kwa ibada. Na aliyewahi kuulizwa kama alipasua moyo wa mtu aliufahamu wasia huu kuliko wote waliousikia.

Jeshi likaenda mpaka Balqaa, likashambulia, likarudi salama. Katika riwaya moja safari yote ilikuwa siku 40, na nyengine zasema zaidi. Makabila ambayo jeshi liliwapitia yalisema kwamba lau watu hawa hawana nguvu wasingalitoa jeshi kama hili, wakaogopa kuishambulia Madina. Abubakar na Waislamu wakatoka kulilaki jeshi kwa furaha.

MAISHA YAKE BAADA YA HAYO

Umar alipokuwa khalifa, inapokewa kwamba kila alipokutana na Usama alimsalimia kwa jina la amiri. Alipogawa fedha za Baitul-mali alimwekea Usama 3,500, na mwanawe mwenyewe Abdallah akamwekea 3,000. Abdallah akauliza kwa nini, hali Usama hakumtangulia katika vita. Umar akamjibu kwamba Zaid alipendwa na Mtume kuliko Umar, na Usama alipendwa na Mtume kuliko Abdallah, basi amekitanguliza kipenzi cha Mtume mbele ya kipenzi chake.

Majina makubwa ya kufunguliwa kwa Sham ni ya watu wengine, kama Abu Ubaida na Khalid bin Walid. Matunda ya malezi ya Usama yalionekana mahali pengine. Alipouawa Seyyidna Uthman mwaka wa 35 wa Hijra (656), Waislamu wakagawanyika wakapigana wao kwa wao. Usama alimpenda Seyyidna Ali bin Abi Talib, wala hakuficha mapenzi yake. Lakini alimpelekea ujumbe kwamba lau Ali angalikuwa kinywani mwa simba angalipenda kuwa pamoja naye humo humo, ila jambo hili hakuona njia ya kuliingia. Mkono wake uliomchoma mwenye shahada katika ujana wake hukuinuka tena juu ya mwenye shahada mpaka akafa. Hata Saad bin Abi Waqqas, naye ni mmoja wa mashujaa wakubwa, alisema kwamba hatamuua Mwislamu mpaka Usama amuue.

Hapa ndipo penye fundisho lote. Watu hudhani kwamba kumlea jemadari ni kumfundisha kupiga. Kupiga hufundishika kwa muda mchache. Kazi ngumu ni kumfundisha mahali pa kuzuia mkono, nayo haifundishiki ila na mtu ampendaye, amkaripiaye bila ya kumvunja, na amwaminiye mbele za watu. Neno moja lililorudiliwa Madina lilikaa katika moyo wa Usama zaidi ya miaka 40, likazuia mkuki wake.

Alikaa muda Mizza karibu na Damascus, kisha Wadil-Qura, kisha akarudi Madina. Katika uzee wake alikuwa akifunga Jumatatu na Alkhamisi, hata mtumishi wake akimwonea huruma kwa udhaifu wake, naye akimwambia kwamba ndivyo alivyokuwa akifunga Bwana Mtume. Akafa mnamo mwaka wa 54 wa Hijra (takriban 674). Inasemwa kwamba alifia Jurf, pale pale alipopiga kambi yake siku alizokuwa kijana, akachukuliwa Madina akazikwa huko.

Enyi wazee wenzangu, kila mmoja wetu ana kijana pembeni yake, mwana au mwanafunzi. Tumpende kabla ya kumwamuru, tumwulize shauri kabla hatujamlaumu, tumkaripie kwa haki kisha tusimtupe, na siku ya kumkabidhi kazi tutembee kando yake na watu wakituona. Na ninyi vijana, mkikaripiwa na anayewapenda, lihifadhini neno lake, huenda siku moja likawaokoa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Usama na wazazi wake, na atupe mwisho mwema sisi na nyinyi. Amin. Na sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.